Mhujaji wa Kiatu Kimoja

Tarehe 31 Julai ya kila mwaka Mama Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Yesu. Wengi wetu twamjua kuwa ni mwalimu wa Mazoezi ya Kiroho, na baba wa wamisionari waliopeleka Injili hata nchi za mbali kabisa. Ni wachache wakumbukao ya kuwa yeye mwenyewe, aliposimulia maisha yake kati ya mwaka 1553 na 1555, hakujiita padre wala mkuu wa shirika. Alijiita mhujaji. Na ni wachache zaidi wakumbukao ya kuwa mhujaji huyo alikuwa akichechemea.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mguu wa Mtakatifu Inyasi. Twafanya hivyo kwa sababu hija za miguu zimeshamiri katika nchi zetu. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, waamini wengi hushika njia ya kwenda Namugongo kuwaheshimu Mashahidi wa Uganda, wengine wakitembea siku nyingi na hata kuvuka mipaka. Ni jambo jema na la kumshukuru Mungu. Lakini limeingia pia wazo moja ambalo yafaa tulipime: ya kwamba mhujaji wa kweli hasemi aumwapo, na ya kwamba anayesimama kutafuta dawa amepungukiwa na imani. Tuone basi maisha ya huyu aliyetembea kuliko wengi wetu yatufundisha nini.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika ngome ya Loyola, karibu na mji wa Azpeitia, katika nchi ya Wabaski huko Hispania. Jina lake la utoto lilikuwa Iñigo. Alilelewa katika adabu za mabwana wakubwa, akapenda silaha, mavazi mazuri na sifa za watu. Mwezi Mei mwaka 1521 jeshi la Wafaransa liliuzingira mji wa Pamplona. Wengine waliona hakuna njia isipokuwa kujisalimisha, lakini Iñigo aliwashawishi wapigane. Tarehe 20 Mei, siku ya Jumatatu baada ya Pentekoste, risasi ya mzinga ilipita katikati ya miguu yake, ikavunja vibaya mguu wa kulia na kuujeruhi wa kushoto. Alipoanguka yeye, ngome nayo ikaanguka.

Adui zake walimtendea kwa utu. Matabibu wa Kifaransa walimfunga mguu, wakamwuguza kwa muda wa siku kumi na mbili au kumi na tano, kisha akachukuliwa kwa machela mpaka nyumbani kwao. Huko Loyola matabibu walioitwa waliona mifupa haikukaa mahali pake, ama kwa sababu ilifungwa vibaya, ama kwa sababu ilitikisika njiani. Wakashauri ivunjwe tena na kupangwa upya. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa. Iñigo alivumilia yote bila kupiga kelele, akikunja tu ngumi zake kwa nguvu.

Baada ya hapo hali yake ilizidi kuwa mbaya. Sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji alishauriwa aungame, akapokea Sakramenti. Katika mkesha wa Watakatifu Petro na Paulo matabibu walisema kwamba asipopata nafuu kufikia usiku wa manane, hesabuni kuwa amekufa. Usiku ule ule alianza kupata nafuu.

Mifupa iliungana, lakini mfupa mmoja chini ya goti uliujia juu ya mwingine, ukatokeza nje kama nundu, na mguu ukawa mfupi. Iñigo hakukubali, maana aliona haya kuvaa viatu virefu vya kubana walivyovaa mabwana. Akawauliza matabibu kama nundu ile yaweza kukatwa. Walimjibu kuwa yawezekana, ila maumivu yatapita yote aliyokwisha kuyaona. Hata ndugu yake mkubwa alishtuka. Yeye alitaka ikatwe, ikakatwa. Kisha mguu ulipakwa mafuta na kuvutwa kwa vyombo siku nyingi ili urefuke. Tuliangalie vema jambo hili: mtu huyu alikuwa na ushujaa wa ajabu mbele ya maumivu, lakini ushujaa huo wote ulikuwa kwa ajili ya sura yake tu. Kuvumilia maumivu peke yake si utakatifu bado.

Kitanda kile ndicho kilichomgeuza. Hakuweza kukanyaga, akaomba vitabu vya hadithi za mashujaa, lakini nyumbani vilikuwapo viwili tu: maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Alivisoma, akaanza kutamani kufanya kama Fransisko na Dominiko walivyofanya. Akaazimu kwenda Yerusalemu kwa miguu, tena pekupeku, akila mboga za porini. Nia yake ilikuwa njema, ila tabia ya zamani ilikuwa bado hai ndani yake: alitaka kuwashinda watakatifu kama alivyotaka kuwashinda Wafaransa.

Mapema mwaka 1522 alitoka nyumbani amepanda nyumbu, akielekea madhabahu ya Bikira Maria huko Montserrat. Njiani alinunua nguo ya gunia, fimbo, kibuyu cha maji, na viatu vya kusukwa kwa nyasi. Lakini alivaa kimoja tu. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado umefungwa vitambaa, na ingawa alikuwa amepanda mnyama, kila jioni aliukuta umevimba. Akaona kwamba mguu ule yapasa uvikwe, na ule mzima waweza kwenda bila kiatu.

Hapa twapenda kusimama kidogo. Kijana huyu aliyeazimu kwenda pekupeku hata Yerusalemu aliutazama mguu wake kwa macho ya kweli, akaufunika. Hakungoja uoze ili atimize wazo lake. Kiatu kile kimoja ndicho mwanzo wa busara yake, na ilimchukua miaka mingi kuielewa mpaka mwisho.

Huko Montserrat aliungama dhambi za maisha yake yote, akawaachia wamonaki nyumbu wake, akatundika upanga wake mbele ya Bikira Maria, akampa maskini mmoja mavazi yake ya fahari. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Machi alikesha mbele ya altare. Kulipopambazuka akateremka mpaka mji wa Manresa, akikusudia kukaa siku chache tu. Alikaa karibu mwaka mzima.

Manresa Mungu alimfundisha kama mwalimu amfundishavyo mtoto, na lile somo la mwili halikuwa dogo. Mwanzoni hakula nyama wala kunywa divai isipokuwa siku ya Dominika, akaacha nywele na kucha zikue ovyo, akasali saa saba kila siku. Mashaka ya roho yalipomtesa, alikaa juma zima bila kula wala kunywa, akitumaini kwamba Mungu atamwondolea. Padre wake wa kitubio aliposikia, alimwamuru ale. Akatii, akala. Hivyo amri ya kwanza ya kuuhurumia mwili wake aliipokea katika kiti cha maungamo.

Ya pili aliipokea kitandani. Homa ilimshika, akafika karibu na kufa. Watu wa mji walimtafutia nyumba ya kulazwa, na mabibi wa heshima wakakesha zamu kwa zamu kumwuguza. Alipopata nafuu, alikuwa bado dhaifu, tumbo likimwuma mara kwa mara, na baridi ilikuwa kali. Mabibi wale wakamlazimisha avae nguo nzito, viatu na kofia. Akakubali. Mtu aliyewahi kuvumilia kisu bila kupiga kelele alijifunza huko jambo gumu zaidi: kuvikwa kofia na wanawake waliomhurumia, na kusema ahsante.

Mapema mwaka 1523 alisafiri kutoka Barcelona kwa jahazi mpaka Gaeta, huko Italia, akaanza kutembea kwenda Roma. Tauni ilikuwa imeenea, na miji ilifunga malango yake kwa wageni. Alipofika penye mji mmoja hakuweza kuendelea tena, nguvu zimemwishia. Wenzake wa safari wakaenda zao. Siku ile bibi mkubwa wa mji alipita na msafara wake. Inyasi alimwendea, akamweleza wazi ya kuwa ugonjwa wake ni uchovu tu, akamwomba ruhusa aingie mjini kutafuta msaada. Bibi yule akakubali kwa urahisi. Inyasi akaingia, akaomba sadaka, akala, akapumzika siku mbili, kisha akaendelea na njia yake. Dominika ya Matawi aliingia Roma.

Tena twaona hatua ya kusonga mbele. Safari hii hakungoja kulazimishwa. Alijua hali yake, akaisema bila kuificha wala kuikuza, akaomba. Laiti wahujaji wetu wote wangejua kusema hivyo kwa kiongozi wa kundi lao.

Yafaa tuseme kweli yote, maana watakatifu hawahitaji tuwafichie lolote. Baada ya kupata baraka ya Baba Mtakatifu Adriano wa Sita, Inyasi alitembea mpaka Venice kutafuta chombo cha kwenda Nchi Takatifu. Njiani alikuwa amekonda na kupauka hata watu wakamkimbia, wakidhani ana tauni, na wenzake wakamwacha peke yake uwandani jioni kwa kuwa hakuweza kwenda sawa nao. Huko Venice alishikwa na homa kali. Siku ya kuondoka chombo, mwezi Julai, ndiyo siku aliyokunywa dawa ya kuendesha tumbo. Watu wa nyumba walimwuliza tabibu kama mgonjwa aweza kupanda chomboni. Tabibu akajibu kuwa aweza, ikiwa anataka kwenda kuzikwa. Inyasi akapanda. Baharini alitapika sana, akapata nafuu, na mwanzoni mwa Septemba aliingia Yerusalemu.

Je, tumwige? Sisi twasema hapana. Mungu alimlinda, lakini Inyasi mwenyewe, alipokuwa mkuu wa wengine, aliagiza kwamba mgonjwa awatii matabibu. Tena Yerusalemu hakupewa kukaa kama alivyotamani. Mkubwa wa Wafransisko, walinzi wa mahali patakatifu, alimwamuru aondoke kwa ajili ya usalama, naye akatii. Mtu aliyekataa neno la tabibu alilazimika kutii neno la Kanisa. Alirudi Ulaya wakati wa baridi kali, amevaa nguo nyepesi zilizochakaa.

Hija nyingine aliifanya kwa ajili ya mgonjwa. Alipokuwa akisoma Paris, alisikia kwamba Mhispania mmoja aliyekuwa ametumia vibaya fedha zake amelala mgonjwa huko Rouen, akiwa njiani kurudi kwao. Inyasi alikwenda kwa miguu siku tatu, pekupeku, bila kula wala kunywa, akaomba hivyo kwa ajili ya mtu yule aliyemdhulumu. Alipofika alimfariji, akamtafutia chombo cha kumrudisha Hispania. Na mwaka 1537, karibu na Vicenza, yeye mwenyewe alikuwa na homa alipopata habari kwamba mwenzake Simão Rodrigues yu katika hatari ya kufa huko Bassano. Akaondoka mara, akitembea kwa haraka hata mwenzake Petro Favre akashindwa kwenda sawa naye. Mguu ule mfupi uliokuwa umekatwa kwa ajili ya majivuno sasa ulikuwa ukikimbilia kitanda cha mgonjwa.

Mwaka 1535 Inyasi mwenyewe aliwasikiliza matabibu. Maumivu ya tumbo yalikuwa yamemzidi huko Paris, nao wakamwambia kuwa dawa iliyobaki ni hewa ya nchi yake. Wenzake walimnunulia farasi mdogo, naye akampanda mpaka Azpeitia. Alipofika hakutaka kulala katika ngome ya ndugu yake. Alikaa katika hospitali ya maskini, na alipoondoka akawaachia farasi yule. Ona jinsi alivyokubali kupandishwa farasi bila kuona kwamba amepoteza kitu mbele ya Mungu. Baadaye mwaka ule ule, akitembea kutoka Genoa, alipotea katika milima hata akatambaa kwa mikono na magoti juu ya mto. Na alipoingia Bologna alianguka kutoka darajani, akaloa matope tele, watu wakamcheka. Akaugua huko, akatibiwa, kisha akaendelea mpaka Venice.

Shirika la Yesu lilithibitishwa na Baba Mtakatifu Paulo wa Tatu tarehe 27 Septemba 1540. Inyasi alipoandika Katiba yake, aliyaweka ndani yake yale aliyofundishwa njiani. Aliagiza kwamba wanaoingia wajaribiwe kwa mwezi mmoja wakiwahudumia wagonjwa hospitalini, na mwezi mwingine wakienda hija bila fedha, wakiomba chakula. Hospitali na hija aliziweka bega kwa bega, kama shule mbili za roho moja. Akaagiza pia kwamba mgonjwa awatii matabibu na wauguzi, na kwamba kuutunza mwili kwa kiasi, ili umtumikie Mungu, ni jambo la kusifiwa. Mwaka 1548 alimwandikia Fransisko Borgia, mtawala aliyekuwa akijinyima kupita kiasi, akimshauri apunguze mifungo, kwa kuwa mwili na roho ni mali ya Muumba, na kila mmoja atatoa hesabu ya vyote viwili.

Hata hivyo utii huo ulimgharimu. Huko Roma tabibu mmoja kijana alidhani ugonjwa wake watoka katika baridi, akamfungia madirisha na kumfunika mablanketi wakati wa joto kali. Inyasi alitii, hata nguvu zikamwishia. Hapo tabibu mwingine mwenye ujuzi, Alessandro Petroni, akaitwa. Akafungua madirisha, akampa maji baridi, na mgonjwa akapona. Nasi twapata hapa fundisho la pili: kumtii mganga hakuwazuii walio karibu na mgonjwa kufungua macho na kutafuta mwingine aliye bora.

Alifariki alfajiri ya tarehe 31 Julai 1556. Mwili wake ulipopasuliwa na Realdo Colombo, mtaalamu mashuhuri wa wakati ule, vilionekana vijiwe vingi katika viungo vya ndani, hata katika ini. Ndipo ilipojulikana ni maumivu ya namna gani aliyoyachukua miaka ile yote. Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 12 Machi 1622, pamoja na rafiki yake Fransisko Ksaveri.

Basi, wasomaji wetu, twaweza kusema nini juu ya hija zetu? Twajua kwamba kuna mzee afichaye kidonda chini ya soksi asije akarudishwa nyumbani. Kuna mama aonaye haya kupanda gari la wagonjwa mbele ya wanakwaya wenzake. Kuna kijana asemaye kuwa malengelenge ni sadaka. Mateso yasiyoepukika yaweza kutolewa kuwa sadaka, naam. Lakini lengelenge lililopasuka na kuingia uchafu wa barabarani huvimba, huleta homa, na laweza kuzaa jeraha la miezi. Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari hatari ni kubwa zaidi, maana huenda asisikie hata maumivu, na kidonda kidogo chaweza kumgharimu mguu wote. Mtu huyu yampasa amwone mganga kabla ya kuondoka, avae viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yake, na kila jioni akaguliwe nyayo na mwenzake.

Viongozi wa hija nao wasiwe kama wale wenzake Inyasi waliomwacha uwandani kwa sababu alikwenda polepole. Mwendo wa kundi na uwe mwendo wa aliye dhaifu. Parokia zipitiwazo na wahujaji zikumbuke mabibi wa Manresa: beseni la maji safi, sabuni, kitambaa safi, na muuguzi mmoja wa zahanati aliyejitolea usiku mmoja, vyaweza kuwa hija kamili kwa wale ambao hawakupata nafasi ya kutembea. Na jamaa walioko nyumbani wasimcheke baba au mama aliyerudi kwa gari. Yeye aliyesema njiani, mbele ya wote, kwamba hawezi tena, ameweka chini mzigo mzito kuliko mfuko wa safari: ameweka chini majivuno yake.

Mguu wa Inyasi haukupona kabisa. Alichechemea mpaka siku ya kufa kwake. Lakini tangu siku ile alipovaa kiatu kimoja, akiuacha mguu mzima uguse udongo na kuufunika ulio na jeraha, alikuwa ameanza kujua jinsi ya kwenda kwa Mungu kama mtu alivyo, na jeraha lake likiwa wazi kwa yule awezaye kulitibu. Mtakatifu Inyasi, mhujaji, awaombee wote walioko njiani.